Bakuli la Betri

Habari za kifo cha Mama Moraa nilizipata kwa simu, na kabla sijalia nilifanya jambo ninaloona haya kulitaja. Nilifungua lile kundi la mazishi kwenye simu nione ni nani ameshausoma ujumbe na ni nani bado. Ndivyo nilivyo. Mtu akisoma ujumbe wangu asinijibu, mimi siwezi kusema labda yuko shambani, labda ana wageni. Mimi husema ana kitu. Nilipitisha kidole juu ya majina yale, sitini na ushee, nikitafuta jina moja tu. Nilipolipata niligeuza simu kifudifudi juu ya meza. Bosibori wa Ekerenyo. Alikuwa ameusoma na hakuwa ameandika lolote, hata pole. Karibu miaka thelathini nilikuwa na neno la kumwambia huyo Bosibori, neno fupi la pumzi moja, na sikuwahi kulisema. Mtu mwingine pekee aliyelijua, tena nusu yake tu, ndiye huyo aliyekufa Mosocho, na mazishi yalikuwa Alhamisi.

Nitaruka habari za kwetu Manga. Kwetu hakukuwa na kisa. Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimeandikishwa chuo cha taipu mjini Kisii. Mama Moraa, mjane, shemasi wa kanisa la Kisabato, alikuwa akikodisha chumba kimoja cha nyumba yake kule Mosocho kwa wasichana watatu wenye adabu, kama alivyosema mwenyewe akitukazia macho mmoja mmoja. Tulikuwa mimi, Kwamboka na Bosibori. Chumba kilikuwa na vitanda vitatu, sakafu ya simenti iliyopakwa rangi nyekundu, na dirisha moja lililotazama migomba. Ukuta uliotutenga na sebule haukufika kwenye mabati, kwa hiyo mtu akikohoa sebuleni tulijua ni kifua au ni koo. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha udongo peke yake, na huko ndiko maneno ya siri yalikosemwa. Mama Moraa alikuwa na shamba dogo la chai na hakuwahi kuinywa hata kikombe kimoja, kwa sababu ya dini. Sisi tulikunywa uji asubuhi na soya jioni, na tukila obokima, ugali ule mweusi wa wimbi, na mboga za chinsaga, hakuna aliyekumbuka chai tena, isipokuwa Kwamboka, ambaye aliikumbuka kwa sauti kubwa kila siku.

Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya maduka, chumba kimoja chenye taipureta kumi na nane. Mtu ambaye hajakaa ndani ya chumba chenye taipureta kumi na nane hajui kelele. Madamu, mwalimu wetu, alizifunika herufi kwa kitambaa ili tusichungulie, akawa anagonga meza kwa rula, nasi tunapiga kwa pamoja, na ukitoka pale saa kumi vidole vinaendelea kucheza vyenyewe juu ya goti. Ukifika nyumbani unakuta redio ya Mama Moraa inasoma salamu za watu wa Sotik na watu wa Sirare, Kwamboka naye amefungua karedio kake stesheni nyingine kabisa, na mimi nina wokmani yangu, kile kicheza kaseti kidogo chenye hedfoni. Wokmani ile niliipata kwa shangazi yangu wa Nairobi, na nitasema kweli, niliivaa mpaka ikawa sehemu ya kichwa changu. Nilipika nayo. Nilichota maji nayo. Niliwahi kuitwa na Mama Moraa mara tano nianue nguo mvua inakuja, nikiwa nimesimama kando ya kamba yenyewe, na shuka zake zikalowa mbele ya macho yangu. Betri zikianza kuchoka na mwimbaji kuimba kiulevi, nilizianika juani, nikaziuma kwa meno, nikazirudisha, alimradi tu pasiwe na kimya. Nilikuwa na hasira za karibu mwaka ule na sikujua zinatoka wapi. Sasa binti yangu ananiambia niweke simu mbali saa moja kila siku nipumzishe akili, ananieleza kana kwamba ni jambo lililogunduliwa juzi. Namsikiliza tu. Niliishi na mtu aliyelijua jambo hilo kabla yeye hajazaliwa, nami nikamtendea nitakalolisimulia.

Mama Moraa naye alikuwa na dawa yake ya kelele, ila ya mara moja kwa wiki. Ijumaa, jua likiteremka kwenye mikaratusi ya jirani, alileta bakuli la enameli jeupe lenye ukingo wa buluu akaliweka juu ya meza ya sebuleni. Alianza yeye: aligeuza redio yake, akafungua mgongo, akatoa betri nne kubwa na kuzilaza ndani. Kisha sisi. Hakutaka mashine zetu. “Mashine ni ya mtu, ikivunjika nitalaumiwa,” alisema. “Mimi nipeni betri. Bila betri hiyo ni kopo tu, nalo kopo halivunji Sabato.” Tangu hapo hadi jua la Jumamosi litue, nyumba ilikuwa na sauti za watu tu. Chakula kilikuwa kimepikwa Ijumaa mchana, maharagwe na chapati, kikapashwa tu. Saa za kwanza nilikuwa nikiwashwa masikio. Lakini kufikia Jumamosi mchana, baada ya kanisa, nilikuwa nikijikuta nacheka na Kwamboka, au nimekaa na Mama Moraa akinieleza namna alivyoposwa, na hasira zangu sizioni. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Jua lilipotua nilikuwa wa kwanza kufika kwenye bakuli.

Bosibori alikuwa mkubwa wetu kwa miaka mitatu, mrefu, mkimya, mwenye mwendo wa kutupa miguu nje kidogo. Mwezi wa pili alirudi kutoka mjini na wokmani yake ya kijivu, ya mtumba, na hedfoni zenye sponji ya rangi ya machungwa. Kila siku, baada ya chuo, kabla ya kazi za jioni, alikaa kitandani, mgongo ukutani, akazivaa na kufumba macho. Nusu saa kamili. Aliitegea saa ya mezani ya Kwamboka. Ikilia, alizivua, akaviringisha waya, akaweka kila kitu chini ya mto na kuinuka uso umemlainika, anakwenda kuwasha moto huku akiimba nyimbo za kanisani. Hilo la kuimba ndilo lililoniudhi. Mimi nilikuwa nikisikiliza muziki kutwa na nainuka nimenuna, yeye nusu saa tu na anainuka anaimba. Anasikiliza nini huyu?

“Bosi, huwa unasikiliza nini?” nilimuuliza.

“Vitu tu.”

“Vitu gani?”

“Vya kupumzisha kichwa.”

“Si uniazime kaseti moja na mimi nipumzishe changu?”

Akacheka. “Hii ni ya kichwa changu, Kerubo. Chako kina muziki wake.”

Basi nikaanza kumtazama. Na ukishaanza kumtazama mtu, gaki jamani, utaona tu. Niliona kwamba akisikiliza hatikisi kichwa, mguu wala kidole. Niliona kwamba sijawahi kuona hata kaseti yake moja, na chumba chenyewe kilikuwa cha hatua sita. Zaidi ya yote niliziona betri zake za Ijumaa. Zangu zilikufa kila baada ya wiki mbili. Zake, tangu mwezi wa pili hadi wa tisa, zilikuwa ni zilezile mbili, moja imekwaruzwa, nyingine ina unga mweupe mwishoni, na Jumamosi jioni tulipokimbilia bakuli yeye hakuja, mpaka Mama Moraa amkumbushe, “Bosibori, hutaki zako?” Nikafanya hesabu kichwani. Betri hizi ni za kuonyesha watu. Betri za kweli ziko pengine.

Kwamboka aliichukua habari hiyo akaipika upya. Yeye alidai Bosibori anatunasa sauti. Kwani Mama Moraa alijuaje kwamba Kwamboka alikunywa chai kwenye hoteli ya stendi? Nani alimwambia kuhusu yule kijana wa fotokopi? Mashine ile inarekodi, ndiyo maana haina kaseti za muziki. Tulikuwa tukiyasema haya mle mle chumbani, Bosibori amekaa palepale amefumba macho, umbali wa mkono. “Hasikii huyo, sema tu,” Kwamboka aliniambia, nami nilisema. Nilisema juu ya mwendo wake, nikamwigiza. Nilisema nimesikia aliwahi kuolewa huko Ekerenyo akarudishwa, jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nililitunga papo hapo kwa sababu Kwamboka alikuwa amechoka na habari ya betri. Bosibori hakufumbua macho. Saa ililia, akavua, akainuka, akatuuliza kama tungependa mboga ya maziwa au ya kawaida.

Jumamosi moja mwezi wa kumi, Mama Moraa na Kwamboka walirudi kanisani kwa programu ya mchana. Mimi nilisema tumbo linaniuma. Halikuwa likiniuma. Bosibori alisema kichwa, na hicho cha kichwa ndicho kilichonibakiza. Nilijifanya nakwenda chooni, nikazunguka nyuma kupitia migomba, nikasimama kando ya dirisha ambalo pazia lake lilikuwa halijafika mwisho. Alikuwa amekaa kitandani. Mgongo ukutani, hedfoni masikioni, macho amefumba, mashine mapajani. Siku ya Sabato, saa tisa mchana, betri zake mbili nikiwa nimeziona kwa macho yangu ndani ya bakuli sebuleni. Moyo ulinidunda kwa furaha. Niseme tu ukweli, ilikuwa furaha. Nimemshika! Nilirudi kitandani kwangu nikajilaza na tumbo langu la uongo, na nilipopita karibu naye nikaona uso wake umetulia kabisa, nami nikauita utulivu ule ujeuri.

Sikusema siku hiyo. Nilingoja Jumapili, jikoni, mimi na Mama Moraa peke yetu tukimenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Nilianza kwa mbali kama wafanyavyo wambeya wote: Mama, mimi sipendi maneno. Mama, mimi nahofia tu nyumba yako. Kisha nikamwambia. Aliacha kisu. Kisha akauliza jambo moja.

“Umeona wewe, au umeambiwa?”

“Nimeona, Mama. Kwa macho yangu.”

“Hukuwa umelala na tumbo?”

Nikainama. Hakuendelea na hilo. “Usimwambie mtu kwamba ni wewe uliyeniambia,” akasema. “Mnalala chumba kimoja, na mtihani umebaki wiki tano. Nitajua la kusema.”

Alimwita jioni ileile, kabla ya chakula. Mimi na Kwamboka tulikuwa upande wa pili wa ukuta usiofika juu, tumekaa kwenye kitanda kimoja, na Kwamboka amenishika mkono kwa raha. Tulisikia kiti kikivutwa.

“Bosibori, jana nilirudi nyumbani mara moja kuchukua kitabu cha nyimbo,” alisema Mama Moraa. “Nikapita dirishani. Nimekuona.”

Yule mama hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa akirudisha hata sindano ya kuazima. Nilimsikia akidanganya kwa sauti yake ya kawaida, pole pole, kwa ajili yangu, nami sikujisikia vibaya hata kidogo. Niliona ni haki yangu.

“Umeniona nikifanya nini, Mama?”

“Unajua. Sikukuita nikufukuze. Niletee hizo betri nyingine, uniombe radhi, yaishe. Mimi nimelea watoto, najua utoto.”

“Sina betri nyingine, Mama.”

“Bosibori.”

“Sina, Mama. Kweli sina.”

“Nimekuona na mashine masikioni!”

Mashine yenyewe ilikuwa chumbani kwetu, chini ya mto, hatua mbili kutoka nilipokaa. Alichotakiwa kufanya ni kuja kuichukua, kuifungua mgongo na kumwonyesha. Hakuja. Nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, “Nisamehe kwa kukuudhi, lakini betri sina,” na nilimsikia Mama Moraa, sauti imeanza kupasuka, akijibu kwamba mtu wa kuvunja Sabato anaweza kuishi naye, lakini mtu wa kumdanganya akimtazama machoni hawezi. Kwamboka aliniachia mkono. Hata yeye hakuwa ametaka ifike huko.

Bosibori aliondoka Jumatatu asubuhi na begi moja. Kutoka kwao Ekerenyo hadi mjini Kisii kila siku hakungewezekana, na ndugu wa kumpokea mjini hakuwa naye. Madamu aliita jina lake wiki nzima, kisha akalikata kwa kalamu nyekundu. Mtihani ule hakuufanya. Wokmani aliiacha kitandani, hedfoni zimeviringishwa vizuri juu yake, na mimi, ambaye jana yake tu nilikuwa mtetezi wa Sabato, niliichukua kabla Kwamboka hajaamka. Nikaifungua mgongo. Hamkuwa na betri. Nikatia zangu. Haikutoa sauti. Nikatia kaseti yangu, nikabonyeza kila kibonyezo, hakuna kilichozunguka. Siku ya tatu, baada ya chuo, niliipeleka kwa Mama Kiran, mama wa Kihindi aliyekuwa na duka la redio na saa upande wa soko, akiongea Kikisii vizuri kuliko baadhi yetu. Alivaa miwani yake, akaipindua mashine mara moja tu.

“Hii naijua,” akasema. “Hii nilimpa yule msichana mrefu. Mwizi wewe?”

“Ameniachia. Nataka irekebishwe.”

“Irekebishwe nini? Mota imekufa zamani. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwonyesha nyingine nzuri, inacheza, akakataa. Akasema anataka ile isiyocheza. Nikadhani hajanielewa, nikamwambia tena kwa Kikisii: binti, hii haitoi hata sauti ya mbu! Akasema, ‘Hiyo ndiyo, Mama.’ Nikampa bure na hedfoni juu yake. Na betri mbili za kufa aliziokota hapo kwenye debe la takataka, akaniuliza kama anaweza kuchukua.” Akaivua miwani akanitazama. “Alitaka kuifanyia nini?”

Nilisimama pale kaunta na kila kitu kikajipanga chenyewe. Kwetu, msichana akikaa peke yake kimya nusu saa, watu watatu watakuja kumuuliza ana nini. Unaumwa? Nani amekukosea? Umepokea barua mbaya? Akiendelea kunyamaza wataanza kumwogopa. Lakini msichana mwenye vitu masikioni ni msichana tu anayesikiliza muziki, na hakuna anayemuuliza. Bosibori alikuwa ametafuta mashine mbovu ili apate ruhusa ya kupumzika. Mimi nilikuwa na mashine nzima na haikunipa hata dakika moja ya utulivu, kwa sababu sikujua kuizima. Nikiwa bado pale kaunta likanijia jingine: hakuwa na kitu cha kumziba masikio. Alikuwa ametusikia. Tangu mwezi wa pili. Mwendo wake, ile ndoa niliyoitunga, yote.

Ningeweza kutoka dukani moja kwa moja hadi Mosocho nikamweleza Mama Moraa, naye angefunga safari ya Ekerenyo siku hiyohiyo, kwa miguu kama ingebidi. Wiki tano zilikuwa hazijaisha. Nilijiambia nitamwambia Ijumaa. Ijumaa ikaja, bakuli likaja, nikatia betri zangu ndani na kunyamaza. Nilijiambia baada ya mtihani. Nilifaulu, nikapata kazi ofisini, nikaolewa, nikawa nikimtembelea Mama Moraa kila Desemba na mkate na sukari, na kila Desemba, hata alipoanza kuugua, aliniuliza, “Yule Bosibori umewahi kumwona?” Nikisema hapana, alisema, “Sijui kwa nini hakusema tu pole.” Hapo ningesema. Hapo hasa. Kuna wakati nilishuku kwamba anajua na ananipima, nikamkasirikia mgonjwa wa watu kwa kunitega. Hakuwa akinitega. Alikuwa akiuliza tu.

Alhamisi ile ya mazishi nilimwona Bosibori kabla hajaniona. Amenenepa, ana duka la mbegu na dawa za ng’ombe kwao, lakini miguu bado anaitupa nje vilevile. Alikuja akakaa kiti cha pembeni yangu, chini ya turubai, spika kubwa zikiunguruma mbele yetu.

“Wewe ni Kerubo.”

“Ndiyo mimi. Nilidhani hutakuja.”

“Nilikuwa sitaki.” Aliinamisha kichwa tusisikike na watu. “Wamenisihi watoto wake. Lakini nitakuambia ukweli, moyo wangu haujawahi kumlegea huyu mama. Kunichungulia dirishani nikiwa nimefumba macho! Tangu siku ile mimi nikitaka kupumzika, hata mchana, hata nyumbani kwangu, navuta pazia kwanza. Bado situlii. Nafumbua jicho moja.”

Nilikuwa nimelibeba lile neno miaka yote nikidhani ni zito. Likatoka kirahisi kuliko nilivyodhani.

“Hakukuchungulia. Ni mimi.”

Hakugeuka. “Alisema ameniona mwenyewe.”

“Alisema hivyo ili tusichukiane chumbani. Nilimwambia mimi, jikoni. Alikuwa kanisani saa zile zote.”

“Na mashine?”

“Niliipeleka kwa Mama Kiran siku ya tatu. Akanieleza.”

“Siku ya tatu,” akasema. Alihesabu kwa vidole juu ya goti. “Mtihani ulikuwa bado.”

“Ulikuwa bado. Kwa nini hukuifungua ukamwonyesha, Bosi?”

“Ningeifungua mngejua nawasikia. Nilikuonea haya, Kerubo. Jioni unanisema, usiku unanipakulia mboga nyingi kuliko za kwako. Nikaona afadhali niitwe mvunja Sabato kuliko nikutazame usoni tukijua sote wawili.” Alilitazama jeneza kule mbele. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika. “Alipolazwa alinitumia salamu mara mbili. Eti niende, amenisamehe. Nikamwambia aliyezileta, amenisamehe nini, yule mchunguliaji? Sikwenda. Alijua ukweli, huyu mama?”

“Hakujua. Hata yeye sikumwambia.”

Hapo ndipo alipogeuka akanitazama, na sikuweza kukaa na macho yale. Mshereheshaji alikuwa akiita jina langu kwenye kipaza sauti, mmoja wa wasichana waliolelewa katika nyumba hii, aje atoe neno. Nilikuwa na karatasi yangu mkobani, nimeichapa vizuri, ya kumsifu marehemu kwa ukarimu na usafi. Nilisimama. Bosibori alinishika pindo la nguo.

“Usiniambie mimi peke yangu,” akasema.

Nilikwenda mbele bila karatasi. Sijui kusema mbele za watu. Mimi ni mtu wa jikoni. Nilishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili nikawaambia watu wa Mosocho kwamba Mama Moraa nimemsikia akidanganya mara moja tu maishani, kwamba alidanganya ili kunifunika mimi, na kwamba kwa sababu ya umbeya wangu alimfukuza msichana asiye na kosa, naye akafa akimngojea aombe radhi. Nikamtaja Bosibori kwa jina. Nikasema mashine yake haikuwa na kitu ndani. Watu walinong’ona, mwana mkubwa wa marehemu akasimama kisha akakaa tena, na mzee mmoja wa kanisa akaniashiria kwamba dakika zangu zimekwisha.

Nilipogeuka kiti cha Bosibori kilikuwa kitupu. Alikuwa amepita katikati ya watu mpaka kwenye jeneza, amepiga magoti kando ya kile kioo kidogo cha usoni, na mdomo wake ulikuwa ukisogea. Aliongea muda mrefu. Palikuwa na nafasi nyuma yake, hatua mbili tu, mahali ambapo mtu angesimama asikie kila neno. Mimi nilibaki nilipokuwa.